Ole Wake Anayeishia na N

Wapo Wajapani waliookolewa na Ngorongoro bila kukanyaga Arusha. Hawajamwona faru hata mmoja, na ukiwauliza kreta hiyo iko nchi gani, baadhi yao watakuna kichwa. Wanachokihitaji ni jina lenyewe, tena mwanzo wake tu: ile N inayosimama peke yake kabla ya sauti nyingine kufuata. Kwa mtu aliyebanwa katika mchezo wa shiritori, N hiyo ni sawa na kuona mtumbwi unapita wakati maji yameshafika kifuani.

Shiritori ni mchezo wa watoto, ingawa watu wazima hawajauacha. Jina lake lina maana ya kukamata kwa nyuma, kushika mkia. Mmoja anataja neno, anayefuata anachukua silabi ya mwisho na kufungulia neno lake. Sakura, ua la mcheri. Rajio, redio. Okane, fedha. Neko, paka. Kodomo, mtoto. Unachezwa kwenye safari ndefu ya gari, kwenye foleni, popote palipo na vinywa viwili visivyo na kazi.

Sisi tuliofundishwa kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu tunauelewa mchezo huu upesi kuliko Mwingereza. Mwandiko wa Kijapani uitwao kana hauna alama ya k peke yake. Una alama ya ka, nyingine ya ki, nyingine ya ku, na kadhalika. Jedwali lao huitwa sauti hamsini, ingawa alama za msingi zinazotumika leo ni 46. Maneno yao, kama yetu, hupenda kuishia na irabu, isipokuwa kwa alama moja: ile ya n tupu. N hiyo inaweza kufunga neno, lakini neno la Kijapani halifunguliwi kwayo. Kwa hiyo anayetamka neno linaloishia na n amemkabidhi mwenzake ukuta, na sheria inasema yeye ndiye aliyeshindwa. Ukisema mikan, chenza, umekufa. Ukisema raion, simba, umekufa vilevile. Kwetu ni kinyume kabisa: n hufungua nchi, nta na ncha, ila haijui kufunga.

Hapo ndipo wajanja wanapokimbilia Afrika. N'Djamena, mji mkuu wa Chad, huandikwa kwa kana ukianza na n. Ngorongoro yetu pia. Mchezaji akiteleza na kutaja simba, anayetaka mchezo uendelee atajibu kwa Ngorongoro, kisha ubishi uanze kama majina ya mahali yanaruhusiwa au hayaruhusiwi. Ubishi huo ni sehemu ya mchezo.

Sasa uchukue mchezo huo, uuingize ndani ya chumba cha karaoke, na badala ya maneno utumie majina ya nyimbo.

Chumba chenyewe ni kidogo. Kina kochi lililozunguka meza, skrini ukutani, maikrofoni mbili, kitabu cha vinywaji, na simu ya ukutani inayolia dakika kumi kabla ya muda mliolipia kwisha. Mnalipa kwa kila kichwa na kwa kila nusu saa, mchana nafuu kuliko usiku. Hakuna jukwaa wala mgeni wa meza ya jirani. Mnaoimbiana ni ninyi mlioingia pamoja. Katika shiritori ya majina ya nyimbo, wimbo ukiisha hutazamwa jina lake, silabi ya mwisho inakuwa deni la anayefuata, naye hulipa kwa kutafuta wimbo unaoanzia hapo na kuuimba. Kutaja tu hakutoshi. Lazima uimbe.

Nadhani mchezo huu unatibu ugonjwa ambao karaoke yenyewe iliuleta. Ili nieleweke, lazima nirudi nyuma kidogo.

Neno karaoke limeunganishwa kutoka vipande viwili: kara ni tupu, na oke ni kichwa cha okesutora, yaani okestra. Okestra tupu. Sisi tulioizoea okestra iliyojaa, Mlimani Park Orchestra au Orchestra Maquis, magitaa yakijibizana na tarumbeta zikingoja zamu, tunaweza kuliona jina hilo kama kichekesho. Lakini kwa wanamuziki wa Japani lilikuwa neno la kazi kabla halijawa jina la starehe: muziki uliorekodiwa bila mwimbaji.

Aliyeitengeneza mashine ya kwanza anabishaniwa. Mwaka 1967 huko Tokyo, Shigeichi Negishi, mwenye kiwanda kidogo cha vifaa vya elektroniki, alitaniwa na mfanyakazi mwenzake kwa sauti yake ya kuimba. Alimwomba fundi amuunganishie maikrofoni, spika na mashine ya kanda, akaisikia sauti yake juu ya muziki, akaridhika. Kisanduku chake kiliitwa Sparko Box na kilikuwa na taa za kumetameta. Negishi alifariki Januari 2024 akiwa na miaka 100.

Wa pili, na ndiye anayejulikana zaidi, ni Daisuke Inoue wa Kobe, mpiga ala katika baa za mji huo. Kazi yake ilikuwa kuwapigia muziki wateja waliotaka kuimba. Mteja mmoja, bosi wa kampuni, alitaka Inoue amsindikize kwenye safari ya chemchemi za maji moto. Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia muziki kwenye kanda, mteja akaenda akaimba nao. Mwaka 1971 wazo hilo likawa mashine: kaseti za aina iliyotumika kwenye magari, maikrofoni, kipaza sauti, na tundu la kutumbukiza sarafu ya yeni 100. Alitengeneza 11, akazikodisha baa za Kobe. Hakuomba hataza. Utajiri ulikwenda kwa wengine, na yeye baadaye akauza dawa ya kufukuza mende na panya wanaoingia ndani ya mashine za karaoke na kula nyaya. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya Ig Nobel ya amani, ile tuzo ya mzaha, kwa kuwafundisha binadamu njia mpya ya kuvumiliana. Mzaha huo una ukweli mwingi ndani yake.

Katika baa hizo za awali ulimwimbia kila aliyekuwepo, mtu mzima mwenye glasi yake na mwenye baa anayekujua. Katikati ya miaka ya 1980, mkoani Okayama, mtu aligeuza kontena la mizigo kuwa chumba cha kuimbia, na karaoke ikahama kutoka baa kuingia vyumbani. Vijana, akina mama wa nyumbani na wanafunzi wakapata mlango wao. Mwaka 1992 zikaja mashine zilizoletewa nyimbo kwa njia ya simu, na diski kubwa za leza zikaanza kupitwa na wakati. Wimbo mpya uliweza kufika chumbani siku chache baada ya kutoka. Orodha ya nyimbo, iliyokuwa kitabu kinene mithili ya kitabu cha namba za simu, ilizidi kunenepa mpaka ikahamia kwenye kidude cha kugusa kwa kidole.

Basi ugonjwa ukawa huu. Mbele yako una nyimbo kwa maelfu na maelfu, nyuma yako una wenzako wanaokungoja, na unachagua ule ule ulioimba mara ya mwisho. Wajapani wana neno kwa wimbo huo wa kila siku: ohako. Huandikwa kwa alama zenye maana ya namba kumi na nane, ila husomwa sanduku. Asili yake ni ukoo wa waigizaji wa kabuki, Ichikawa Danjuro, ambao karne ya 19 uliteua michezo 18 kuwa fahari ya nyumba yao. Leo kila mfanyakazi wa ofisi ana fahari yake ya nyumba. Meneja huimba wake kwenye sherehe ya kufunga mwaka, wafanyakazi hupiga makofi mahali pale pale walipopiga mwaka jana, na mgeni kazini hukaa na kidude mkononi akiogopa: akichagua wimbo wa zamani ataonekana anajipendekeza, akichagua mpya ataonekana hawajali wazee, akichagua wa huzuni ataua sherehe.

Silabi inamwokoa. Umeachiwa ta, unaimba wa ta. Wakikucheka, si wewe uliyechagua. Mtu mwenye haya, na Japani ina watu wengi wenye haya, ghafla ana kisingizio cha kuimba wimbo wa mapenzi mbele ya bosi wake au katuni ya utotoni mbele ya mchumba. Watu hawakosi ujasiri wa kuimba. Wanachokosa ni ujasiri wa kuchagua.

Jumapili iliyopita umeme ulikatika kwetu tangu saa kumi na mbili jioni. Nilichukua daftari na mshumaa nikajaribu kuona kama naweza kuunganisha nyimbo za Kijapani ninazozijua mpaka nirudi nilikoanzia, kama mkufu. Nilianza na Kitaguni no haru, Majira ya kuchipua ya nchi ya kaskazini, ulioimbwa na Masao Sen mwaka 1977. Huu ni wimbo wa enka, muziki wa watu wazima, sauti ikitetemeka mwishoni mwa kila mstari. Mtu yuko mjini, mama yake amemtumia kifurushi kutoka nyumbani, na moyo unamrudisha kaskazini ambako theluji inayeyuka. Sen mwenyewe ni mtoto wa mkoa wa Iwate, na aliuimba amevaa koti kuukuu na kofia kama kibarua aliyeshuka kwenye treni. Wimbo ulivuka bahari. Mwimbaji Teresa Teng aliuimba kwa Kichina, na China yote ikaujua. Mtu yeyote aliyehama kijijini kwenda Dar es Salaam au Nairobi kutafuta riziki hahitaji kufafanuliwa.

Jina hilo linaishia na ru, na hapo wachezaji wanatazamana.

Ru ni silabi ya kuogopwa. Vitenzi vingi vya Kijapani huishia nayo, na kitenzi chao hukaa mwisho wa sentensi, kwa hiyo majina mengi ya nyimbo hufungwa na ru. Lakini lugha hiyo tangu kale haikuwa na maneno yake yenyewe yanayoanza na sauti ya r. Yanayoanza hivyo ni ya kuazima. Unapokea mengi, wa kulipa huna. Katika shiritori ya kawaida wapo wanaomwandama mpinzani kwa makusudi, kila neno ru, ru, ru, mpaka asalimu amri. Mbinu hiyo ina jina lake: mashambulizi ya ru. Na kundi la YOASOBI, linalopendwa na vijana, limewapa wachezaji silaha mbili mpya: Yoru ni kakeru wa mwaka 2019, na Aidoru wa mwaka 2023. Zote mbili zinamalizika kwa ru. Mjukuu anayejua hilo anaweza kumtesa babu yake jioni nzima.

Babu ana kinga mbili, na maneno yanayozifungua yote yametoka ughaibuni. Ya kwanza ni Rubī no yubiwa, Pete ya rubi. Ya pili ni Rūju no dengon, Ujumbe wa rangi ya mdomo, wa Yumi Arai wa mwaka 1975, ule ambao Hayao Miyazaki aliufungulia filamu yake ya mchawi mdogo Kiki mwaka 1989. Lakini tazama mwisho wa dengon. Ni n. Mtu anakurupuka kwa furaha kwamba amepata ru, anaimba kwa mbwembwe zote, anapiga chenga kwenye kiitikio, na wimbo ukiisha wenzake wanamwonyesha kaburi lake. Ni mtego mzuri kiasi kwamba ningeshuku umetegwa kwa makusudi, kama Yumi Arai angekuwa na sababu.

Kwa hiyo ni Pete ya rubi. Akira Terao aliitungia muziki na kuiimba mwenyewe, na mwaka 1981 ikachukua tuzo kubwa ya rekodi nchini humo. Terao ni mwigizaji. Miaka minne baadaye Akira Kurosawa alimpa nafasi ya mtoto wa kwanza wa mtawala katika filamu ya Ran. Sauti yake ni ya mtu anayezungumza na kikombe cha kahawa. Ni wimbo wa faraja kwa asiyejua kuimba, maana haupandi sana.

Wa. Hapo nikaweka Watarasebashi wa Chisato Moritaka, 1993. Ni daraja la kweli, liko Ashikaga katika mkoa wa Tochigi, juu ya mto Watarase. Moritaka alivutiwa na mlio wa jina aliloliona kwenye ramani, ndipo akaenda kupaona na kuandika juu ya mwanamke anayeyakumbuka machweo ya mji ambao mpenzi wake aliupenda. Wimbo uliozaliwa kwa mlio wa jina umekaa vizuri katika mchezo huu.

Shi. Shima uta, Wimbo wa kisiwa, wa kundi la The Boom, 1992. Huu siuimbi kwa mzaha. Kazufumi Miyazawa, aliyeutunga, ni mtu wa Yamanashi, bara kabisa. Alikwenda Okinawa, akaingia makumbusho ya Himeyuri yanayowakumbuka wasichana wa shule waliopelekwa kuuguza majeruhi katika vita vya mwaka 1945, wengi wao wasirudi. Alitoka na aibu ya kutojua. Juujuu wimbo unaonekana kuwa wa wapenzi, upepo na mawimbi. Chini yake kuna vifo vya raia wa kisiwa kizima. Miaka kumi hivi baadaye Alfredo Casero wa Argentina aliuimba kwa Kijapani kile kile, na mashabiki wa timu ya taifa lake wakaubeba kwenye Kombe la Dunia la 2002. Katika chumba cha karaoke mtu anaweza kuuimba mara mia bila kuijua habari hiyo, kwa kuwa tu aliachiwa shi.

Ta. Taiyō ga kureta kisetsu, Majira tuliyopewa na jua, wa mwaka 1972, wimbo wa tamthilia ya runinga kuhusu vijana wa shule. Nikaupita haraka, ni wimbo wa kupiga makofi tu.

Tsu, na hapa nilitabasamu gizani, kwa sababu kila Mjapani mwenye umri wangu akisikia tsu katika mchezo huu anajua kinachokuja: Tsugaru kaikyō fuyugeshiki, Mandhari ya baridi ya mlango-bahari wa Tsugaru. Sayuri Ishikawa aliutoa Januari 1977 akiwa bado hajatimiza miaka 19. Yū Aku aliandika maneno, Takashi Miki muziki. Abiria anashuka kwenye treni ya usiku iliyotoka Ueno, Tokyo, anafika kituo cha Aomori kwenye theluji, anapanda feri kuelekea Hokkaido peke yake, penzi limekwisha. Kwa beti chache umeshasafiri kutoka Tokyo mpaka ncha ya kaskazini ya kisiwa kikuu. Mwaka 1988 njia ya reli ya chini ya bahari, yenye urefu wa karibu kilomita 54, ilifunguliwa na feri hiyo ya reli ikafungwa mwezi huo huo. Safari yenyewe haipo tena, lakini hufanywa kila usiku vyumbani, na watu ambao hawajawahi kuiona feri hiyo.

Jina linaishia na ki. Kitaguni no haru huanza na ki. Mkufu ulifungika: nyimbo sita, kutoka theluji inayoyeyuka mpaka theluji inayoanguka, kisha upya. Nilipiga kelele peke yangu, mke wangu akauliza kama umeme umerudi.

Kama wachezaji ni vijana, mkufu utapita kwingine. Wataanzia Zankoku na tenshi no tēze wa Yoko Takahashi, 1995, wimbo wa katuni ya Evangelion ambao haukosekani kwenye vyumba hivi. Ze inawapeleka Zenzenzense wa RADWIMPS, 2016. Se inawapeleka Sekai ni hitotsu dake no hana wa SMAP, 2003, ambao nakala zake zilivuka milioni tatu pale mashabiki walipoununua upya mwaka 2016 kulilia kuvunjika kwa kundi. Na inawaleta Nada sōsō, machozi yakibubujika kwa lugha ya Okinawa, maneno ambayo Ryoko Moriyama alimwandikia kaka yake aliyefariki. U inawaleta Ue o muite arukō wa Kyu Sakamoto, 1961, na u tena inamtupa mtu kwenye Usseewa wa Ado, uliotoka mwaka 2020 siku moja kabla msichana huyo hajatimiza miaka 18. Jina hilo, kwa adabu, lina maana ya kelele zako zinanichosha. Kutoka kwa Sakamoto anayetembea akiangalia juu ili machozi yasidondoke hadi kwa Ado anayewafokea wakubwa, ni hatua ya silabi moja. Hakuna mtangazaji wa redio angethubutu kuzifuatisha.

Wimbo wa Sakamoto una mkasa wake wa jina. Ulipokwenda Uingereza na Marekani, wafanyabiashara waliona jina la Kijapani ni zito kwa ndimi za wateja, wakaubatiza Sukiyaki, mchuzi wa nyama unaopikwa mezani, kitu ambacho wimbo haukigusi popote. Kwa jina hilo la chakula ulikaa kileleni mwa chati ya Billboard mwezi Juni 1963, na hadi leo hakuna wimbo mwingine wa Kijapani uliofika hapo. Kwa mchezaji wa shiritori jina si pambo. Wimbo ule ule, kwa jina lake la kweli, unakuachia u. Kwa jina la mchuzi unakuachia ki. Mzungu na Mjapani wakiucheza watafika nchi mbili tofauti.

Na zipo nyimbo zilizofungiwa mlango kabisa. Lemon wa Kenshi Yonezu, 2018, aliouandika katika kipindi cha msiba wa babu yake, ulishika nafasi ya kwanza ya mwaka kwenye chati ya Billboard Japan mara mbili mfululizo. Kwa kinywa cha Kijapani ni re-mo-n. Wimbo unaopendwa na taifa zima hauruhusiwi. Wenye huruma hulegeza kamba na kuikubali silabi iliyotangulia, mo. Wengine hawalegezi, humngoja mwenye ohako ya Lemon ajisahau.

Kuhusu irabu ndefu mabishano ni mengi na sitayamaliza hapa. Marīgōrudo wa Aimyon unakuachia do, unajibu kwa Dorai furawā wa Yuuri, ua linajibiwa kwa ua lililokauka, vizuri sana, kisha meza inagawanyika: je, anayefuata amepewa wa, au ameachiwa a ile iliyovutwa? Kila kikundi kina katiba yake.

Anayedhani huu ni upuuzi wa walevi wa usiku akumbuke kwamba Wajapani wamekuwa wakishindana kwa silabi ya kwanza ya tungo kwa karne nyingi. Kuna diwani ya mashairi mia ya washairi mia, inayohusishwa na Fujiwara no Teika wa karne ya 13, ambayo imekuwa mchezo wa karata. Msomaji anaanza kughani, wachezaji wawili wamepiga magoti, kadi zenye nusu ya pili ya kila shairi zimetandazwa kati yao, na mkono wa aliyelitambua shairi mapema hupiga kadi ikaruka. Mabingwa hawangoji maneno. Mashairi saba kati ya mia hutambulika kwa silabi moja tu ya mwanzo, kwa kuwa hakuna jingine linaloanza hivyo. Kila Januari ubingwa huchezwa kwenye hekalu la Omi Jingu mjini Otsu. Mtoto aliyelelewa hivyo hashangai kuulizwa wimbo unaoanzia na se.

Wahindi nao wana antakshari, mnyororo wa nyimbo za filamu, na waliokulia Mombasa au Unguja jirani na nyumba zao wameusikia ukipita dirishani. Sisi tuna kujibizana kwa mashairi, tuna vitendawili na mafumbo, lakini mkufu wa majina ya nyimbo sikuwahi kuuona ukichezwa kwetu. Kwa kuwa umeme ulikuwa bado haujarudi, niliita watu wa nyumbani.

Nikaanza na Malaika, kwa heshima. Ka. Shemeji hakuchukua hata sekunde: "Kasongo!" Akaanza kuupiga mezani kwa vidole, wimbo wa Super Mazembe, na watoto wakaitikia wasichokijua.

"Haya, go," nikasema.

"Baba, si go," binti yangu akanikatiza. Yuko darasa la sita na silabi ni zake. "Ka, so, ngo. Ni ngo."

Shemeji akabisha kwamba ngo si haki, go yenyewe haina wimbo sembuse ngo. Mke wangu akasema mtoto amefundishwa vizuri, waulize wenzako kama hawakufundishwa hivyo. Tukakubaliana ngo. Kimya. Mtu akajaribu kuimba kitu cha ngoma, akasahau kinaitwaje, akaambiwa jina kwanza. Mshumaa ulikuwa umefika chini.

"Ngorongoro!" akasema binti.

"Taja wimbo, mwanangu," shemeji akamwambia. "Hiyo ni mbuga."

Alikuwa bado anafikiri taa zilipowaka, feni likaanza kuzunguka, na kila mmoja akainuka kwenda kuchaji simu yake.